Mto Coppermine na Tundra ya Kugluktuk: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mto huu wa kaskazini ya mbali umebeba hadithi nyingi kuliko samaki, na nyingi kati yake ziliandikwa na watu waliopita mara moja wakaenda zao. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayojirudia kila unapotajwa. Nimeyapanga kuanzia yale ya msingi, na nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mahali na majina

1. Mto Coppermine uko wapi hasa?

Uko kaskazini mwa Kanada bara. Unaanzia Lac de Gras, ziwa lililo kiasi cha kilomita 300 kaskazini-mashariki mwa mji wa Yellowknife. Kwanza unaelekea magharibi hadi ziwa liitwalo Point Lake, kisha unapinda na kushika njia ya kaskazini mpaka Ghuba ya Coronation katika Bahari ya Aktiki. Urefu wake ni kilomita 845.

Chanzo kiko katika jimbo la Northwest Territories na mlango wake uko Nunavut. Kabla ya tarehe 1 Aprili 1999, siku Nunavut ilipozaliwa, mto wote ulikuwa chini ya serikali moja. Leo maji yanavuka mpaka, na jambo hilo lina uzito wake (tazama swali la 11).

2. Jina Coppermine lina maana gani?

Ni Kiingereza, maana yake mgodi wa shaba. Waingereza wa Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya, walikuwa wakiletewa vipande vya shaba na wafanyabiashara wa Kidene (Wadene ni wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada), wakaambiwa vinatoka karibu na mto mmoja ulio mbali kaskazini. Wakauita mto kwa kile walichotamani kukipata huko.

3. Na Kugluktuk ni nini?

Ni jina la mji ulio kwenye mlango wa mto, katika lugha ya Kiinuinnaqtun. Maana yake ni mahali pa maji yanayoporomoka. Serikali iliuita mji huo Coppermine kwa miongo mingi, hadi tarehe 1 Januari 1996 wenyeji waliporudisha jina lao rasmi. Ramani bado zinauita mto Coppermine, na hapa nalitumia jina hilo ili msomaji asipotee. Lakini ukinihoji, nitasema jina la Kiinuinnaqtun ndilo linaloueleza mto wenyewe. Lile la Kiingereza linaeleza tamaa ya aliyeuita.

## Ardhi, maji na majira

4. Tundra ni nchi ya namna gani?

Ni nchi ambayo udongo wake umeganda mwaka mzima. Kiangazi kikifika, tabaka jembamba la juu huyeyuka, na chini yake barafu inabaki palepale. Mizizi mirefu haina pa kupita, kwa hiyo mimea hutambaa: nyasi, vichaka vya beri, maua madogo na kuvumwani, ule ukoga mgumu unaoota juu ya mawe.

Mvua na theluji kwa mwaka ni kidogo, kiasi cha nchi ya nusu jangwa, lakini ukiitazama nchi hiyo kutoka angani utaona maziwa yasiyohesabika. Sababu ni hiyohiyo barafu ya chini: maji hayana pa kuzama.

5. Kwa hiyo hakuna mti hata mmoja?

Ipo, na hili huwashangaza wengi. Bonde la Coppermine linaikinga misonobari dhidi ya upepo, kwa hiyo miti hiyo inaufuata mto kama msafara hadi makumi machache tu ya kilomita kutoka baharini. Panda kilima kilicho kando ya mto na miti yote inaisha. Kwa Wainuit, wenyeji wa asili wa pwani ya Aktiki, bonde hili lilikuwa mahali pa kupata mbao za sleji, nguzo za hema na mipini, vitu vya thamani kubwa kwa watu wanaoishi pasipo miti.

6. Mto huganda?

Huganda kuanzia Oktoba, na barafu hufikia unene wa zaidi ya mita moja. Hupasuka mwezi wa Juni. Theluji ya miezi minane inapoyeyuka kwa pamoja, mto hufurika ghafla, ukisukuma mapande ya barafu yanayochubua kingo zote mbili. Kisha hutulia. Msimu wa mtumbwi ni Julai na Agosti.

7. Ni kweli jua halizami?

Ndiyo. Mji wa Kugluktuk uko karibu nyuzi 67 na dakika 49 kaskazini, yaani kaskazini kidogo tu ya mstari wa Aktiki. Kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai jua linazunguka angani bila kutua. Na kwa wiki chache za Desemba na mwanzo wa Januari halichomozi kabisa, ingawa adhuhuri huwa na weupe kama wa alfajiri. Wastani wa joto la Januari ni nyuzi 27 chini ya sifuri, na la Julai ni kama 10 au 11 juu yake.

8. Mto unapitika kwa mtumbwi?

Unapitika kwa wajuzi. Una sehemu nyingi za maji makali yaliyojaa mawe: Rocky Defile, Sandstone Rapids, Escape Rapids. Hiyo ya mwisho ilipata jina lake mwaka 1821, baada ya msafara wa mpelelezi Mwingereza John Franklin (swali la 23) kuponea chupuchupu.

Maporomoko mashuhuri zaidi, Bloody Falls, yako kiasi cha kilomita 15 kabla ya mji wa Kugluktuk. Usitarajie ukuta wa maji unaoanguka wima kama Murchison kule Uganda. Ni mto mpana uliobanwa ghafla katika korongo, ukajikunja na kuchemka kati ya miamba. Hapo mitumbwi hubebwa nchi kavu.

9. Wanyama gani wanaishi huko?

Mkuu wao ni karibuu, kulungu wa kaskazini, ambaye dume na jike wote huota pembe. Naliandika kwa u mbili ili jina lake lisichanganywe na neno letu la kumpokea mgeni. Wapo pia ng'ombe-miski wenye manyoya yanayoburura chini, dubu wa kahawia, mbwamwitu na mbweha. Angani kuna tai na kozi wanaojenga viota kwenye majabali ya mto. Kiangazi, mbu na usubi huwa wengi kiasi cha kuwafukuza karibuu wenyewe mpaka vilimani kwenye upepo.

Ndani ya maji yuko samaki wa jamii ya salmoni ambaye Wainuinnait, yaani Wainuit wa eneo hili, humwita iqalukpik. Majira ya kuchipua hushuka baharini kunenepa, na kabla ya baridi hurudi kwenye maji matamu. Anapopanda na kukutana na yale maporomoko, hupunguza mwendo na kukusanyika. Ndiyo maana watu wamevua hapo kwa zaidi ya miaka 3,000, kama wanaakiolojia walivyoona kwenye mabaki ya makazi yaliyofukuliwa.

## Shaba

10. Shaba ilifikaje huko, na ilitumiwaje?

Miaka bilioni 1.27 iliyopita ardhi ya sehemu hiyo ilipasuka na kumwaga lava kwa wingi usioelezeka. Lava ikapoa na kuwa matabaka ya basalti. Baadaye maji moto yenye madini yakapita katika nyufa zake na kuacha shaba.

Wasomaji wa Lubumbashi na Likasi wanaijua shaba kama kitu kinachotolewa kwenye jiwe la kijani kwa moto wa tanuri. Hii ya Coppermine ni tofauti. Hupatikana ikiwa metali tayari, vipande na mabamba yaliyolala juu ya ardhi au kubanwa katika mwamba. Hakuna aliyehitaji kuiyeyusha. Wadene na Wainuit waliiokota, wakaigonga kwa mawe mpaka ikanyooka, wakatengeneza visu, ncha za mishale, patasi za kupasulia barafu na ulu, kile kisu cha nusu mwezi cha akina mama.

Ndipo watu wakaitwa kwa shaba yao. Wadene wa upande wa kusini waliitwa T'atsaot'ine, watu wa shaba, na Waingereza wakawaita Yellowknives kwa sababu ya rangi ya visu vyao. Mji wa Yellowknife umebeba jina hilo hadi leo. Wainuinnait wa pwani nao waliandikwa vitabuni kuwa Wainuit wa Shaba.

11. Mgodi wa shaba upo sasa?

Hapana. Watafutaji walimiminika huko katika miaka ya 1960, wakaweka alama kila mahali, na hakuna mgodi mkubwa wa shaba uliofunguliwa. Kilichopatikana ni almasi, tena kwenye chanzo cha mto. Mgodi wa Ekati ulianza mwaka 1998, wa kwanza wa almasi nchini Kanada. Diavik ukafuata mwaka 2003, juu ya kisiwa ndani ya Lac de Gras yenyewe, ukizungushiwa kuta za kuzuia maji ya ziwa. Watu wa Kugluktuk wako kilomita mamia chini ya mkondo, katika jimbo jingine, na wanakunywa na kuvua katika maji hayo. Ni haki yao kuuliza kila kinachofanyika huko juu.

12. Hadithi ya Mwanamke wa Shaba inasemaje?

Hii ni ya Wadene, na masimulizi yake ni mengi. Mwanamke mmoja wa Kidene alitekwa na Wainuit, akapelekwa mbali ng'ambo ya maji. Baada ya muda alitoroka. Akitembea peke yake kurudi kwao, aliona kitu kinang'aa juu ya kilima. Akakiokota. Ilikuwa shaba.

Alipowafikia watu wake aliwaonyesha, akakubali kuwaongoza wanaume hadi mahali pale. Wakachukua walichoweza kubeba. Kisha, nao wakiwa ni watu wake mwenyewe, wakamtendea ubaya. Alipokataa waliyoyataka, walimlazimisha. Wakati wa kuondoka akasema: nendeni, mimi sitoki hapa. Akaketi juu ya shaba.

Mwaka uliofuata walirudi. Walimkuta palepale amekaa, ardhi imemmeza hadi kiunoni, na shaba imepungua. Mwaka mwingine wakarudi tena. Mwanamke hayupo. Amezama chini na shaba yake, vikabaki vipande vidogo vilivyotawanyika juu ya ardhi, ndivyo hivyo ambavyo watu wanaviokota kwa shida.

13. Hadithi hiyo ina maana gani?

Kwanza, inaeleza jambo la kweli: shaba ya juu ya ardhi ilikuwa ikipungua kila kizazi kilipoiokota, na safari ya kuifuata ikawa ndefu zaidi. Pili, inaeleza kwa nini, na haimlaumu mgeni wala adui. Mwanamke alinusurika kwa watekaji, akaja kuvunjwa moyo na wa kwao. Kati ya yote niliyowahi kuyasoma kuhusu mto huu, hadithi hii ndiyo iliyonikaa moyoni. Samuel Hearne, msafiri wa Hudson's Bay Company (swali la 19), aliiandika katika karne ya 18 kama simulizi la kuchekesha kidogo. Mimi sioni pa kuchekea.

## Watu wa mto

14. Mto ni wa nani, Wadene au Wainuit?

Wote wana haki nao. Sehemu za juu, penye maziwa na miti, ni nchi ya uwindaji ya Wadene. Sehemu za chini na pwani ni nchi ya Wainuinnait. Mipaka yao ilihama kulingana na karibuu na majira, na mara nyingine walikutana kwa shari.

15. Niseme Waeskimo au Wainuit?

Sema Wainuit. Neno Eskimo walipewa na wengine, na huko Kanada linachukuliwa kuwa la dharau. Wa eneo hili hasa hujiita Wainuinnait.

16. Wainuinnait waliishije kabla ya kuja kwa wazungu?

Kwa kufuata pande mbili za dunia yao. Majira ya baridi walihamia juu ya bahari iliyoganda, wakajenga nyumba za theluji, na kumvizia sili kwenye tundu lake la kupumulia. Mwindaji aliweza kusimama saa nyingi bila kutikisika, chusa mkononi. Kiangazi waligawanyika katika makundi madogo, wakaingia bara kuwafuata karibuu, na kuvua kwa kakivak, mkuki wenye ncha tatu. Walipanga mawe yaliyosimama kama watu ili kuwaelekeza karibuu majini, ambako wenzao walikuwa wakisubiri ndani ya kayaki.

Pande hizo mbili hazikuruhusiwa kuchanganywa. Nyama ya sili na ya karibuu hazikupikwa katika chungu kimoja. Nguo za majira ya baridi za ngozi ya karibuu zilipaswa kumalizika kushonwa kabla ya watu kuhamia kwenye barafu ya bahari. Aliyevunja mwiko alimuudhi Arnapkapfaaluk, mama mwenye nguvu aishiye chini ya bahari, naye angewafungia sili na kuwaacha watu na njaa. Mwanaanthropolojia Diamond Jenness, aliyeishi nao kati ya 1914 na 1916, aliandika mengi juu ya miiko hii.

17. Ngoma zao zikoje?

Wanayo qilaun. Mfikirie mtu aliyeshika tari kubwa ajabu, ngozi iliyowambwa kwenye duara la mti, lenye mpini. Mchezaji huizungusha mkononi na kuupiga ukingo wake kwa kijiti, upande huu na upande huu, huku akicheza kwa magoti yaliyokunjwa. Waliomzunguka huimba wimbo ambao una mwenyewe. Kila mtu alitunga nyimbo zake: za mawindo, za hofu, za aibu, za kumkumbuka aliyekwenda. Zamani walikusanyika kwenye qaggiq, nyumba kubwa ya theluji iliyojengwa kwa ajili ya ngoma, na mchezaji alivaa kofia yenye mdomo wa ndege mpiga mbizi utosini. Ngoma hizi bado zinachezwa.

18. Nimesoma kwamba kulikuwa na Wainuit wenye asili ya Kizungu. Ni kweli?

Hapana. Mpelelezi Vilhjalmur Stefansson alikutana na Wainuinnait mwaka 1910, akasema baadhi yao wanafanana na watu wa Ulaya, na magazeti ya 1912 yakalikuza jambo hilo yakidai ni wazao wa Waskandinavia waliopotea Greenland. Jenness aliyakataa madai hayo baada ya kuishi na watu hao. Mwaka 2003 uchunguzi wa vinasaba ulilinganisha Wainuit wa Cambridge Bay na watu wa Iceland, na haukukuta uhusiano huo.

## Bloody Falls, Julai 1771

19. Kwa nini maporomoko yanaitwa ya damu?

Samuel Hearne, kijana wa Hudson's Bay Company, aliondoka ngome ya Prince of Wales mwezi wa Desemba 1770 kwenda kutafuta shaba. Majaribio yake mawili ya awali yalishindwa. Safari hii aliongozwa na Matonabbee, kiongozi wa Kidene, aliyemweleza waziwazi kwamba alishindwa kwa sababu hakuchukua wanawake. Nani angebeba mizigo, nani angeshona viatu, nani angepika? Miaka michache kabla, mwaka 1767, Matonabbee na mwenzake walikuwa wamekwisha kuwaletea Waingereza ramani ya nchi hiyo. Kwa hiyo mtu anapokwambia kwamba Hearne aligundua mto, mkumbushe nani alikuwa mbele njiani.

Walipokaribia mto, Wadene wengine walijiunga nao, na ikadhihirika kuwa wanakwenda kupigana. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1771, walipaka ngao zao rangi, wakaizingira kambi ya Wainuit waliokuwa wakivua kwenye maporomoko, wakawaua wakiwa usingizini. Hearne aliandika kuwa waliokufa walizidi 20, wanaume, wanawake na watoto. Aliandika pia juu ya binti wa kama miaka 18 aliyechomwa mkuki karibu naye, akaanguka na kumng'ang'ania Hearne miguu.

20. Tuyaamini maelezo hayo?

Kwamba watu waliuawa hapo, kuna sababu za kuamini. Msafara wa Franklin ulipofika mwaka 1821, miaka 50 baadaye, ulikuta mafuvu na mifupa ya binadamu mahali hapo. Lakini maelezo ya kina yametoka kwa shahidi mmoja asiye wa upande wowote uliopigana. Tena Hearne alikufa mwaka 1792, na kitabu kilitoka 1795. Wasomi waliolinganisha kitabu hicho na nakala za kumbukumbu zake za mwanzo wameona kwamba maelezo ya kutisha zaidi yaliongezeka njiani. Mimi nalichukua tukio kuwa la kweli, na lile la binti nalichukua kwa tahadhari.

Hearne huyohuyo aliandika kuwa mlango wa mto uko karibu nyuzi 72 kaskazini. Alikosea kwa zaidi ya kilomita 400.

21. Ugomvi ulitokana na nini?

Ulikuwa wa zamani, wenye kisasi juu ya kisasi. Hearne alisema wenzake waliamini wachawi wa Kiinuit ndio walioleta maradhi na vifo kwao. Biashara ya manyoya iliongeza moto: Wadene walipata bunduki kutoka kwa kampuni, Wainuit wa mto huu hawakuwa nazo. Na kampuni iliyomtuma Hearne ilikuwa na haja ya shaba, kwa hiyo ilihitaji njia. Shaba yenyewe aliipata kidogo sana: baada ya saa kadhaa za kutafuta, kipande kimoja cha maana cha karibu kilo 2.

22. Wadene na Wainuit walipatana?

Mwaka 1996 wawakilishi wa pande zote mbili walifanya sherehe ya uponyaji ili kuyamaliza malalamiko hayo ya karne nyingi. Ulikuwa mwaka uleule Kugluktuk ilipopata jina lake. Wageni wengi wanaotafuta habari za mto huu hulijua lile la 1771, hili hawalijui.

## Wageni waliofuata

23. Nini kilimpata Franklin?

Huyu ndiye John Franklin aliyekuja kupotea baadaye na meli mbili. Katika safari yake ya kwanza ya nchi kavu alishuka Coppermine mwezi wa Julai 1821, akitumia mchoro wa mto aliochorewa na mzee Keskarrah wa Yellowknives, akapima pwani upande wa mashariki, kisha akachelewa kurudi. Tarehe 26 Septemba msafara ulirudi kwenye mto bila mtumbwi wala chakula, na ukakaa siku 8 ukingoni ukishindwa kuvuka. Daktari John Richardson alijaribu kuogelea na kamba akaganda nusura afe. Mwishowe Pierre St Germain, mkalimani, aliunda kimtumbwi cha turubai na matawi, wakavuka mmoja mmoja.

Walikula kuvumwani na ngozi za viatu. Kati ya watu 20, 11 walikufa, na wengi wa waliokufa walikuwa wabeba mizigo. Waliobaki waliokolewa mwezi wa Novemba na watu wa Akaitcho, kiongozi wa Yellowknives, waliowaletea nyama na kuwalisha kwa mikono yao. Uingereza ilimpokea Franklin kama shujaa.

24. Na wale mapadri wawili?

Mwaka 1913 mapadri Jean-Baptiste Rouvière na Guillaume Le Roux waliuawa karibu na Bloody Falls na Wainuinnait wawili, Sinnisiak na Uluksuk. Kwa maelezo ya washtakiwa, Le Roux aliwalazimisha kuvuta sleji huku akiwatishia kwa bunduki, wakaogopa kuuawa. Polisi waliwakamata mwaka 1916. Mwaka 1917 Sinnisiak alisimamishwa mahakamani Edmonton, akaachiwa kwa kifo cha Rouvière, kisha wote wawili wakashtakiwa Calgary kwa kifo cha Le Roux na kupatikana na hatia. Adhabu ya kifo ilibadilishwa, na mwaka 1919 walikuwa huru. Jaribu kuwaona watu hao wawili, ambao hawakuwahi kuona mji, wamekaa mbele ya jaji katika joto la Agosti na kesi inaendeshwa kwa lugha wasiyoijua.

## Mto leo

25. Watu wangapi wanaishi Kugluktuk, na wanaishije?

Ni kama 1,400, wengi wao Wainuit. Kuna shule, kituo cha afya, maduka yenye bei kali kwa sababu kila kitu huja kwa ndege au kwa meli ya kiangazi. Watu wanafanya kazi za mshahara na bado wanawinda na kuvua, na nyama hugawanywa kwa jamaa. Majira ya kuchipua huwa na tamasha liitwalo Nattiq Frolics, lenye michezo na mashindano ya magari ya theluji. Kiinuinnaqtun huandikwa kwa herufi za Kilatini kama Kiswahili, tofauti na Kiinuktitut cha mashariki chenye alama zake. Wanaokizungumza wanapungua, na walimu wa mji wanahangaika kukirudisha midomoni mwa watoto.

26. Hali ya karibuu ikoje?

Mbaya. Kundi la Bathurst, ambalo watu wa mto huu walilitegemea, lilikadiriwa kuwa na karibuu zaidi ya 450,000 mwaka 1986. Hesabu ya 2018 ilikuta kama 8,200. Wanaotafiti wanataja mabadiliko ya malisho na hali ya hewa, wadudu, mbwamwitu, uwindaji, barabara na migodi, yote yakigongana. Uwindaji umebanwa sana, na wa kwanza kubeba mzigo huo ni wale ambao karibuu ni chakula, nguo na wimbo kwao (rudi kwenye swali la 17).

27. Naweza kwenda?

Barabara hakuna. Utapanda ndege kutoka Yellowknife, kiasi cha kilomita 600. Kutoka mjini hadi Bloody Falls watu huenda kwa boti, kwa miguu au kwa gari la magurudumu manne la nyikani. Mkodi mwenyeji, umsikilize. Kuna dubu, hali ya hewa hugeuka ndani ya saa moja, na mavazi ya Agosti kule ni sweta na koti la mvua.

28. Huu ndio mto Tana wa kaskazini niliousikia?

Hapana. Tana ya kaskazini iko mpakani mwa Norway na Finland, na Wasami huiita Deatnu. Haihusiani na Coppermine, wala na Tana yetu ya Kenya.

29. Nikiona kipande cha shaba au kisu cha zamani ukingoni, nikichukue?

Kisu, ncha ya mshale, hata jiwe lililopangwa na mkono wa mtu, kiache kilipo. Sheria ya Nunavut inakataza kuondoa vitu vya kale bila kibali, na maporomoko ni eneo la kihistoria la taifa tangu 1978. Mduara wa mawe unaoukanyaga bila kujua ulikuwa uzito wa kushikilia hema la mtu. Piga picha, kumbuka mahali, uwaambie watu wa mjini. Na kipande cha shaba kisichoguswa na mtu? Mimi ningekirudisha chini. Simulizi la swali la 12 linasema ni cha nani.